Nyumba Isiyo na Shahidi

Kuna riwaya moja ya Kimarekani iliyotoka mtamboni mwezi mmoja tu baada ya ulimwengu wake kufa. Jina lake ni The Thin Man, yaani Mtu Mwembamba, na mtungaji wake ni Dashiell Hammett. Kisa chaanzia ndani ya kilabu cha siri cha ulevi, katika barabara ya 52 mjini New York, siku za Krismasi za mwaka 1932, wakati ambapo kuuza ulevi kulikuwa kosa la jinai katika nchi nzima ya Marekani. Kitabu kilitolewa Januari 1934. Lakini tarehe 5 Desemba 1933 sheria hiyo ilikuwa imekwisha kufutwa. Hivyo basi wasomaji wake wa kwanza walikifungua kama mtu afunguaye kitabu cha tarikhi: waliyoyasoma yalikuwa mambo ya jana, na jana hiyo haikurudi tena.

Najua wako watakaoniuliza: wewe mtu wa kanzu na kofia, uliyelelewa chuoni, una haja gani na kitabu cha walevi? Suali hili si baya, wala sitalikimbia. Nimekisoma kitabu hiki zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona kwamba habari yake kubwa si ulevi. Habari yake ni ushahidi. Chatuuliza: ukweli hufikwa na nini katika mji ambamo kila mtu ameona na hakuna awezaye kusema? Hilo latuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyopenda kukiri, nami nitalifikia kabla sijaiweka kalamu chini.

SHERIA YENYE MATUNDU

Kwanza tuijue sheria yenyewe. Wamarekani hawakuamka siku moja wakapiga ulevi marufuku. Mapambano yalichukua miaka mingi. Wanawake wa Kikristo waliunda chama chao mwaka 1874, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakipigwa na waume waliorudi usiku wamelewa, na watoto wao ndio waliolala na njaa mshahara ulipoishia kilabuni. Mwaka 1893 pakazaliwa katika jimbo la Ohio chama kingine kikali zaidi, cha kupinga vilabu, na wakili mmoja aitwaye Wayne Wheeler akakifanya kuwa rungu la siasa. Mbunge aliyekataa kufuata neno lao walimng'oa katika uchaguzi, awe ni wa chama gani. Tusiwacheke watu hawa. Dhara waliyoipigania ilikuwa dhara ya kweli.

Mwezi Januari 1919 katiba ya Marekani ikatiwa marekebisho ya 18, na kuanzia tarehe 17 Januari 1920 ikawa ni haramu kutengeneza, kuuza wala kusafirisha ulevi. Sheria ya Volstead, iliyopitishwa Oktoba 1919 ili kuyatilia nguvu marekebisho hayo, ilisema kinywaji chochote chenye zaidi ya nusu ya asilimia moja ya kileo ni ulevi.

Lakini tazama matundu ya wavu huo. Kuuza kulikatazwa, kunywa hakukukatazwa. Tajiri aliyejaza ghala ya nyumbani kwake kabla ya siku ile alikuwa huru kunywa hadi chupa ya mwisho. Daktari aliweza kumwandikia mgonjwa wiski kama dawa, na wagonjwa wa namna hiyo wakazidi kila mwaka. Mvinyo wa ibada makanisani na katika masinagogi uliruhusiwa. Dagaa walinaswa, papa wakapita.

Hapa msomaji aliyesoma chuoni atakumbuka somo jingine. Maalimu wetu walitufundisha kwamba katika dini yetu ulevi haukuharamishwa kwa siku moja. Kwanza watu waliambiwa kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha wakakatazwa kuikaribia swala hali wamelewa, na kwa kuwa swala ni tano, mchana wa mlevi ukawa mfupi. Ndipo mwisho katazo kamili likaja. Twasoma kwamba siku ile ya mwisho watu wa Madina waliumwaga mvinyo wao wenyewe mpaka ukatiririka vichochoroni. Hapakuwa na askari mlangoni. Katazo lilimkuta mtu ndani ya moyo wake amekwisha kujikataza. Marekani katazo lilimkuta mtu mkono mmoja umepiga kura ya ndiyo, na wa pili umeshika bilauri.

Haki yao lakini tuwape. Katika miaka ya mwanzo ulevi ulipungua sana, na vifo vya maradhi ya ini vikapungua pia. Sheria haikuwa bure. Kilichooza ni yale yaliyoizunguka.

MLANGO WENYE KIDIRISHA

Kilabu kilichofungwa mbele kikafunguliwa nyuma. Wenyewe walikiita kwa jina lenye maana ya "sema polepole", maana mgeni alitakiwa kunong'ona asije akasikiwa barabarani. Mimi nitaviita vilabu vya kunong'ona. Ulikuwa mlango usio na kibao, na katika mlango kidirisha kidogo, na nyuma ya kidirisha jicho. Ukibisha wataja jina la mtu au neno la siri, jicho lakupima, kisha komeo lasikika. Ndani mna taa, muziki na wanawake waliovaa vizuri, na pengine hakimu aliyemfunga mwuza pombe asubuhi ya siku hiyo hiyo. Katika New York peke yake makadirio ya wakati ule yalitaja vilabu zaidi ya 30,000.

Kimojawapo kilijulikana kwa nambari yake, 21, nacho kilifunguliwa katika barabara hiyo hiyo ya 52 siku ya mwaka mpya wa 1930. Mafundi walikijengea ghala ya chini iliyofichwa nyuma ya ukuta wa matofali. Ukuta huo ulikuwa mlango wa zaidi ya tani mbili, na ufunguo wake ulikuwa kipande chembamba cha waya kilichotiwa katika tundu moja kati ya mengi. Kwenye baa zilikuwako rafu zilizoweza kupinduliwa mara moja, chupa zikaporomoka na kuvunjikia shimoni, na polisi akiingia asipate ila harufu. Akili ya namna hii ingejenga daraja au kutibu maradhi. Ilitumika kuficha chupa.

Serikali nayo ilikuwa na wajanja wake. Walio mashuhuri zaidi ni wawili, Izzy Einstein na Moe Smith, wanene wote wawili, waliojigeuza kila sura ili wauziwe kinywaji kisha wamkamate muuzaji. Hesabu yao ilifika watu 4,932 waliokamatwa. Watu waliwacheka na kuwapenda. Hata hivyo mwaka 1925 walifukuzwa kazi, na vilabu vikabaki.

Kulikuwa na jambo moja lisilochekesha. Serikali iliamuru spiriti ya viwandani itiwe sumu ili isinyweke. Wenye magendo waliiiba, wakajaribu kuisafisha, wakaiuza. Watu wakapofuka, wengine wakafa, hasa maskini wasioweza kununua chupa nzuri kutoka Kanada. Charles Norris, daktari mkuu aliyechunguza maiti katika mji wa New York, alitamka hadharani kwamba serikali haiwezi kujivua lawama ya vifo hivyo. Sasa niambie, msomaji: katika kesi kama hiyo mwuaji ni nani? Aliyetia sumu, aliyeuza, au aliyekunywa akijua?

WOTE WANA MKONO

Suali hilo ndilo lililoigeuza riwaya ya upelelezi. Katika hadithi za Kiingereza za zamani, maiti huokotwa katika nyumba ya watu wa heshima. Nyumba nzima ni safi isipokuwa mtu mmoja. Mpelelezi humtafuta huyo mmoja, humtoa kama mwiba katika kidole, na mwili wote ukapona. Msomaji hufunga kitabu akalala.

Hammett hakuweza kuandika hivyo kwa sababu aliyaona mambo kwa macho yake. Alizaliwa mwaka 1894 katika jimbo la Maryland, na tangu mwaka 1915 alifanya kazi ya upelelezi katika shirika la Pinkerton, mpaka kifua kikuu kikamtoa. Katika riwaya yake ya kwanza, Red Harvest ya mwaka 1929, mpelelezi aitwa na mhariri wa gazeti katika mji wa machimbo. Kabla hawajaonana, mhariri auawa. Mpelelezi akichunguza aona kwamba mji wote una waume zake: mcheza kamari, mwenye magendo ya ulevi, mkuu wa polisi, na mzee tajiri mwenye machimbo aliyewaita majambazi hao yeye mwenyewe ili wawavunje wafanyakazi waliogoma. Mwiba hauko katika kidole. Damu yenyewe imeharibika.

Na katika mji kama huo shahidi utamtoa wapi? Aliyeona mauaji kilabuni alikuwa kilabuni. Akisimama mahakamani, suali la kwanza litakuwa: wewe ulikuwa ukifanya nini pale? Mwenye kilabu hawezi kusema, kwani atafungiwa. Polisi wa zamu hawezi kusema, kwani kila wiki hupokea bahasha mlangoni. Hakimu hapendi kuuliza sana, kwani huenda jina lake likatajwa. Kila mmoja ana kosa lake dogo, na makosa madogo hayo yote yakishikana mikono humjengea mwuaji ukuta.

Msidhani ni mambo ya riwaya tu. Tarehe 14 Februari 1929, mjini Chicago, watu saba walisimamishwa ukutani ndani ya gereji wakapigwa risasi na watu ambao baadhi yao walivaa sare za polisi. Mmoja wa wahanga, Frank Gusenberg, alikutwa angali hai, na mwili umejaa risasi. Polisi wakamwuliza nani aliyempiga. Akajibu kwamba hakuna aliyempiga. Akafa saa chache baadaye na jawabu lake ni hilo hilo, na kesi ile haikupata wa kuhukumiwa mpaka leo. Al Capone, ambaye watu wengi walimnyoshea kidole, alifungwa mwaka 1931 kwa kosa la kutolipa kodi. Karatasi za hesabu ndizo zilizomshitaki. Binadamu walinyamaza.

MTU MWEMBAMBA

Sasa turudi kwenye kitabu chetu. Nick Charles alikuwa mpelelezi, akamwoa Nora, binti tajiri, akaacha kazi. Wamekuja New York kwa sikukuu kutoka San Francisco. Nick amesimama kwenye baa ya kilabu cha kunong'ona akimngojea mkewe aliyekwenda madukani, ndipo msichana mmoja, Dorothy, amwendea na kumwuliza habari za baba yake aliyepotea. Baba huyo ni Clyde Wynant, mvumbuzi wa mitambo, mrefu mwembamba. Yeye ndiye mwenye jina la kitabu, ingawa watu wengi waliotazama filamu ya mwaka 1934 walidhani mwembamba ni mpelelezi.

Muda si muda karani wa Wynant, Julia Wolf, akutwa ameuawa kwa risasi nyumbani kwake. Polisi wamtafuta Wynant. Na hapa ndipo mtego wa kitabu ulipo. Kila mtu ana habari zake. Huyu amepata barua kutoka kwake. Huyu amepata simu. Nick mwenyewe aletewa taarifa ya simu kutoka Philadelphia. Mtalaka wake, Mimi, asema amemwona kwa macho. Lakini hakuna hata mmoja awezaye kumleta mkono kwa mkono.

Asiyetaka kujua siri na aruke aya hii. Wynant amekufa tangu miezi iliyopita, na mifupa yake imezikwa chini ya sakafu ya karakana yake mwenyewe, pamoja na nguo za mtu mnene ili watu wapotee. Wote waliosema wamemwona walisema uwongo au walidanganywa, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mimi aliona kipande cha mkufu wa saa mkononi mwa maiti ya Julia, akakificha, si kwa mapenzi bali kwa tamaa ya fedha. Mtu mmoja dhalili aitwaye Nunheim, ambaye polisi walimtumia kama kachero, alimjua mwuaji, akaenda kumwuza kimya chake. Akalipwa kwa risasi. Jina la mwuaji silitaji, nimekuachia.

Nimwonavyo mimi, Hammett ametunga hapa mfano mkubwa kuliko alivyojigamba. Maiti aliyezikwa chini ya sakafu aendelea kuandika barua kwa sababu wahai wote wapata faida kumwamini. Sheria ya ulevi yenyewe ilikuwa vivyo hivyo mwaka 1932. Ilikuwa imekufa zamani, lakini barua zake zilikuwa zikifika: mahakama zikikaa, mishahara ya maafisa ikilipwa, hongo ikipokewa. Watu wanywa kitabu kizima, asubuhi na usiku, na hakuna hata mmoja akamatwaye kwa sababu ya chupa.

Nina lawama moja. Nick na Nora wanywa na kucheka, tena mazungumzo yao ni matamu hata msomaji asahau walichoshika mkononi. Yule mwanamke wa mwaka 1874, mwenye jicho lililovimba na watoto wenye njaa, hamna katika kitabu hiki. Hammett alimfungia nje ya mlango. Ulevi ulimla yeye mwenyewe: hii ndiyo riwaya yake ya mwisho, naye aliishi miaka 27 baada ya kuitoa. Aliacha kunywa mwaka 1948, afya imekwisha kwenda. Kitabu chacheka, maisha ya mtungaji hayakucheka.

KIMYA CHA AINA MBILI

Maisha hayo yana jambo jingine la kutufunza. Mwaka 1951 Hammett alisimamishwa mahakamani New York. Alikuwa mmoja wa wadhamini wa mfuko wa dhamana uliowatoa gerezani viongozi wa chama cha Kikomunisti, na baadhi yao walikuwa wametoroka. Mahakama ilimtaka ataje majina ya watu waliochangia mfuko. Alikataa. Akahukumiwa miezi sita, akatumikia kama mitano, mtu mzima mgonjwa wa kifua. Alifariki mwaka 1961.

Basi yule aliyeandika habari za mashahidi walionyamaza, naye pia alinyamaza. Je, ni sawasawa? La hasha. Nunheim alinyamaza ili apate fedha. Mimi alinyamaza ili apate fedha. Hammett alinyamaza akapata kifungo, kwa kuwa watu walimwamini na majina yao. Sisi twalijua jambo hili kwa jina lake. Kuhifadhi siri ya mtu aliyekuamini ni amana. Kuficha dhuluma inayoua watu ni khiyana. Ulimi ni ule ule mmoja; tofauti ni nani anayefaidika ukikaa kimya, na nani anayezikwa.

MITAA YETU

Nami sasa nitimize ahadi yangu. Pwani yetu iliingiliwa na unga tangu miaka ya 1980. Tumewazika vijana, Lamu, Malindi na Mombasa, na matangani tumesema kwamba marehemu aliugua. Katika mtaa wenye mateja kumi, nyumba inayouza haikosi kujulikana. Aijua mama muuza mahamri, aijua mtoto atumwaye dukani, aijua mzee wa baraza. Lakini ukiuliza, hakuna ajuaye. Mmoja amekopeshwa kodi ya nyumba na muuzaji. Wa pili alitoa mchango wake harusini. Wa tatu mwanawe ndiye apelekaye mzigo. Wa nne ahofia kuripoti, kwani hana hakika kwamba jina lake halitafika kwa mshtakiwa kabla ya magharibi. Kila mmoja ana kijiti chake kidogo, na vijiti vyote vimesokotwa vikawa ua, na muuzaji amelala ndani ya ua huo.

Hatuhitaji kidirisha mlangoni. Mtaa mzima umekuwa mlango.

Wengi hudhani kwamba dawa ni sheria kali zaidi. Marekani ilikuwa na sheria ndani ya katiba yenyewe, na haikuna kitu kilicho juu ya katiba. Ilishindwa si kwa sababu ulevi ni mzuri, na sisi hatuna shaka kwamba si mzuri. Ilishindwa kwa sababu wengi walitaka jirani akatazwe na wao waachiwe. Kosa dogo la kila mtu liliulisha uhalifu mkubwa wa wachache. Siku mtu atakapokataa mkopo wa fedha asiyojua ilikotoka, na mchango wa harusi usiosemeka, na zawadi ya sikukuu kutoka mkono unaojulikana, siku hiyo atakuwa huru kusema alichokiona. Shahidi huanza kwa kuwa na mikono mitupu.

Kitabu cha Hammett chamalizika kwa namna ya ajabu. Nick amweleza Nora mambo yote, nani alifanya nini na vipi, na Nora haridhiki. Aona mambo hayakufungika vyema. Wako wahakiki walioliona hilo kuwa kasoro. Mimi naliona ndilo la kweli kuliko yote, maana palipokosekana ushahidi tangu mwanzo, hata mwuaji akishikwa, kitu hubaki kimezikwa.

Mshairi hana mwisho ila ubeti, nami nawaachia huu:

Mlango wenye tundule, abishaye hunong'ona,
Ndani kuna watu tele, na kila mtu aona,
Kesho waite mbele, husema hawakuona,
Siri ya wengi ni ndwele, haki huzikwa mchana.